Sauti Iliyochezwa Bwaloni

Redio kaseti ililetwa shuleni kwetu nikiwa kidato cha pili, mwanzoni mwa muhula wa pili, mvua za masika zikiwa bado hazijakatika. Ilikuwa nyeusi, na mkono wa kuibebea juu. Upande mmoja ulikuwa na kitufe chekundu cha kunasia sauti, na mbele ilikuwa na vinywa viwili vya kutilia kanda, ili kanda moja iweze kunakiliwa kwenye nyingine. Sisi tuliokuwa tumezoea redio za nyumbani, zile za kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu, tulijaa mlangoni mwa chumba cha walimu kuitazama kama mgeni aliyetoka mbali.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyeipigania mpaka wazazi wakakubali kuichangia. Alikuwa kijana bado, hakuwa ametoka chuoni zamani, na aliamini kwamba msichana akisikia sauti yake mwenyewe ataacha kuchanganya r na l. Sisi wa Kakamega tunajulikana kwa hilo. Unataka kusema "rudi", ulimi unakupeleka kwa "ludi", na wewe mwenyewe husikii tofauti yoyote. Basi alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya darasa, akabonyeza kile kitufe chekundu, tukasoma kifungu kifupi, kisha akaturudishia sauti zetu. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Msichana mmoja aliinamia dawati akasema, "Huyo si mimi, Mwalimu, huyo ni mtu mwingine."

Mwalimu alitufundisha kuitunza. Tusiishike kwa mikono yenye mafuta. Tusibonyeze vitufe viwili pamoja. Mvua ikinyesha, ifunikwe na ipelekwe stoo mara moja. Kabla ya kufunga shule, betri zitolewe zisije zikavuja ndani. Tuliyashika yote hayo, na mpaka leo naweza kuyasema bila kusita. Jinsi ya kuilinda redio tuliijua vizuri sana. Kwamba na sisi tungehitaji kulindwa dhidi yake, hilo halikumjia mtu yeyote akilini, hata yeye.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, kandokando ya barabara inayoshuka kuelekea Malinya. Kwetu ni huko Malinya. Baba alilima mahindi na maharagwe, na kiangazi kikija alikwenda na wanaume wenzake kuchimba dhahabu kwenye mashimo, akirudi jioni na udongo mwekundu hadi kwenye kope. Mama alilima, aliuza ndizi sokoni, na Jumapili aliimba kwenye kwaya ya kanisa. Sisi tulikuwa wasichana watatu, kisha akaja mvulana mmoja, kitinda mimba, ambaye Mama alimwita "baba" kwa sababu alipewa jina la babu yetu, baba mzazi wa Mama. Baba naye alimbeba mabegani kumpeleka kwenye uwanja wa kupiganisha fahali, na wakirudi, yule mtoto alitembea nyumba nzima ameinamisha kichwa, akitusukuma kwa paji la uso kama fahali.

Alikufa kwa malaria, mwaka mmoja kabla redio kaseti haijaja shuleni. Ilikuwa msimu ule wa mbu baada ya mvua, na watoto wengi wa kwetu waliugua. Baba na Mama walimpeleka hospitali mjini asubuhi akiwa anatetemeka. Alasiri walirudi naye amefunikwa leso. Mama hakulia mazishini. Watu walisema ana moyo wa kiume. Nilimwona akipanga viti vya wageni na kuuliza nani hajapata chai.

Baada ya wageni kuondoka na nyumba kurudi kuwa yetu, jambo moja lilianza. Jioni, Mama akishasonga obusuma, yaani ugali, alikuwa akitupakulia sisi, kisha anachukua sahani ya marehemu, sahani ndogo ya plastiki ya kijani, anaweka tonge humo. Analibonyeza kwa kidole gumba, analipuliza lipoe, kisha anaelekeza uso mlangoni na kuita, kwa sauti nyororo ya kupanda na kushuka, kama kiitikio cha wimbo: "Kula, baba. Umepoa."

Halafu anakaa na kula chakula chake. Baba alitazama pembeni. Tukishamaliza, mimi au mmoja wa dada zangu tulichukua ile sahani na kuwamwagia kuku. Hakuna aliyetuambia tusiseme nje. Tulinyamaza tu, kama mnavyonyamaza mtu wa nyumbani akilala mchana.

Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja wa karibu. Kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Alitoka Bukura, ambako baba yake alifundisha katika chuo cha kilimo, na nyumba yao ilikuwa na televisheni na maji ya mfereji. Lakini hakuwa na maringo. Siagi yake alinipakia mkateni kabla hajajipakia mwenyewe, na nilipougua alinifulia sare. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha Kiswahili, kwa hiyo yeye ndiye aliyeaminiwa ufunguo wa stoo ilimokaa redio kaseti.

Muhula ule nilichaguliwa kwenda kusimulia hadithi kwenye tamasha la shule mjini Kakamega. Mwalimu alimwomba rafiki yangu anifanyishe mazoezi, aninase sauti, tusikilize pamoja na kurekebisha. Alasiri moja, wenzetu wakiwa uwanjani kwenye michezo, tuliingia darasani tukafunga mlango. Nilisimulia mara ya kwanza, mara ya pili. Alirudisha kanda nyuma, tukasikiliza, akakunja uso.

"Unasimulia kama unatangaza vifo redioni," aliniambia.

Nikacheka. Kweli nilikuwa mkavu.

"Achana na hiyo hadithi kwanza," akasema. "Pumzika. Niambie tu kitu cha kwenu, vile ungeniambia tukiwa kitandani."

Tulikaa juu ya madawati tukitazamana, redio ikiwa kwenye dawati la tatu. Sijui kwa nini siku ile. Pengine kwa sababu mwaka ulikuwa unatimia tangu mazishi. Pengine kwa sababu hakuwahi mtu kuniuliza. Nilimweleza yote: hospitali, leso, viti vya wageni, sahani ya kijani. Nilipofika kwa Mama, niliona maneno yangu hayatoshi. Nikaigiza sauti yake. Nikainua mkono kama nimeshika tonge, nikapuliza, nikaita kama anavyoita, kwa ile sauti ya kupanda na kushuka: "Kula, baba. Umepoa." Nikarudia, kwa sababu Mama hurudia. Na nikamweleza jinsi anavyongojea kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mtoto uani.

Rafiki yangu alilia. Mimi nililia pia, mara yangu ya kwanza shuleni. Tulishikana mikono mpaka kengele ya chakula ikalia, na mvua ikaanza kupiga mabati. Alikumbuka sheria ya Mwalimu, akaifunika redio kwa sweta yake, akakimbia nayo stoo. Kile kitufe chekundu kilikuwa chini muda wote ule. Kanda ilikuwa imezunguka tangu tulipokaa.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kufua, tuliruhusiwa kucheza muziki bwaloni. Kiranja wa burudani, msichana wa kidato cha nne aliyekuwa mchangamfu na kupendwa na wote, aliomba redio akapewa. Mimi nilikuwa nje kwenye tangi la maji, nasuuza soksi. Muziki ulikuwa unapigwa, ukakatika, kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia mtu akizungumza. Nilifikiri kuna msichana ananiiga. Nilisimama na soksi mkononi nikimsikiliza, nikishangaa amejuaje kuongea kama mimi. Kisha akaita: "Kula, baba. Umepoa." Na bwalo likalipuka kwa kicheko.

Nilikimbia na kufika mlangoni. Kanda ilikuwa imeanzia katikati, kwa hiyo hawakuwa wamesikia habari ya hospitali wala ya mazishi. Walichosikia ni msichana anayepuliza chakula na kumwita baba yake kama mtoto mchanga. Lazima nikiri kwamba kwa mtu asiyejua, ilichekesha. Wasichana walikuwa wamepanda juu ya meza. "Rudisha," walisema, "rudisha tena hapo." Kiranja akarudisha. Mama yangu akaita tena kwa mdomo wangu, nao wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kupanda na kushuka.

Rafiki yangu alipita kati yao akang'oa waya ukutani. Walimzomea. Aligeuka akaniona mlangoni, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeangusha mtoto wa wenyewe.

"Sikujua imeachwa ndani," aliniambia tukiwa bwenini, mimi nimejifunika blanketi kichwani. "Nilitaka kukuchezea wewe peke yako. Nilitaka usikie vile unasimulia vizuri ukiwa hujalazimishwa."

"Ulijua inanasa?"

"Nilijua," akasema. "Nilipoanza kulia nilisahau."

Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini hata nilivyomwamini, usingizi haukuja nikiwa nimeelekea kitanda chake. Nililala nimeelekea ukutani, na nilikuwa nimezoea kulala nikimtazama.

Kuanzia Jumapili ile, maneno ya Mama yalikuwa ya shule nzima. Wapishi wakipakua, kuna aliyeita, "Kula, baba. Umepoa." Uji ukiletwa, hivyohivyo. Mtu akimaliza mtihani wa hesabu na kukabidhi karatasi, nyuma yake sauti inanong'ona. Wengi hawakujua yametoka kwa nani. Nilipowaeleza wachache kwamba mtoto mwenyewe amekufa, walishika midomo na kuacha. Mmoja alikuja kuniomba msamaha na kunipa kipande cha sabuni. Lakini nisingeweza kumweleza kila mtu, na wapo walioelezwa wakaendelea, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea.

Mwalimu wa Kiswahili alipopata habari aliniita nje ya chumba cha walimu. Alikuwa na ile kanda mkononi. Hakunihubiria. Aliingiza kalamu, akauvuta utepe wote wa ndani mpaka ukarundikana miguuni pake kama matumbo ya kuku, akaukata kwa makasi.

"Imekwisha," aliniambia. "Sasa haipo."

Nilimshukuru. Ni siku chache baadaye tulipokuja kujua kwamba Jumamosi ileile, kabla ya rafiki yangu kung'oa waya, kanda nyingine ilikuwa kwenye kinywa cha pili. Ilikuwa imenakiliwa. Na iliyonakiliwa ilipelekwa mjini siku za mapumziko mafupi, ikanakiliwa nyumbani kwa mtu, ikapewa kaka ya mtu. Tulipokwenda kwenye tamasha, mimi sikusimulia. Nilikuwa nimekataa na Mwalimu hakunisukuma. Nilikwenda kuimba tu katikati ya kundi. Tukiwa foleni nje ya ukumbi, wavulana wa shule ambayo sikuwa nimewahi hata kukanyaga lango lake walipita karibu yetu, na mmoja akaita, si kwangu, kwa mwenzake aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma: "Kula, baba. Umepoa." Hakuniona wala hakunijua. Wala hakujua kwamba sauti hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa wakati huo shambani Malinya akipalilia.

Mwalimu mkuu, mama mkali aliyevaa miwani ya kamba, alizungumza siku ya gwaride. Alisema chombo kile kimeleta aibu shuleni na kwamba kitafungiwa ofisini kwake. Kiranja wa burudani alivuliwa beji, akalia mbele ya shule yote. Nilimwonea huruma, sikufurahi. Kisha tukaimba wimbo wa taifa tukaenda darasani. Redio ikawa imeadhibiwa. Sikuitwa kuulizwa kitu, na wala hakuna aliyesimama kusema lililokuwa kosa lenyewe, kwamba maneno ya mtu ni yake, na kwamba kumnasa mtu sauti bila kumwambia ni kumchukulia kitu chake. Nadhani hawakuwa na maneno hayo bado. Kitu kilikuwa kipya kwao kama kilivyokuwa kipya kwetu.

Nilikuwa nikihesabu kwamba nitamaliza muhula na mambo yatapoa. Nilikuwa nimesahau siku ya wazazi.

Mama na Baba walifika mapema. Mama alivaa gauni lake la kwaya, na kichwani amebeba kikapu. Alikuwa amenichinjia kuku. Kwetu ingokho hapikiwi mtu hivihivi, ni heshima. Alitandika leso kwenye nyasi chini ya ua wa miiba wa kei apple, karibu na familia nyingine, maana nafasi ilikuwa ndogo. Rafiki yangu alikuwa na wazazi wake hatua chache kutoka kwetu. Nilitaka kuwaambia twende mbali zaidi, nyuma ya madarasa, lakini Mama alikuwa ameshakaa na kuvua viatu, anafurahi, anatazama wasichana walivyopendeza.

Alifungua jani la ndizi. Ugali ulikuwa bado wa moto kwa jinsi alivyoufunga. Akachukua tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalipuliza, akaninyooshea.

"Kula, mama," akasema. "Umepoa."

Ilikuwa sauti ileile. Haikuwa nyingine, kwa sababu hakuwa na nyingine ya kulishia watoto wake.

Kundi la wasichana waliokuwa karibu na ua lilinyamaza ghafla, kisha kikapasuka kicheko. Mmoja aliyasema maneno yote mpaka mwisho, na akayasema vizuri kabisa, kupanda kwake na kushuka kwake. Mwanzoni Mama alitabasamu. Alidhani ni furaha ya siku ile. Kisha nikaona tabasamu likisimama usoni pake bila kwenda popote, na kichwa chake kikainama upande kidogo, kama anavyosikilizaga nyumbani.

"Kwani wananijua?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Hapana, Mama. Wanacheka mambo yao."

"Wamesema kama mimi."

Baba aliweka chini kipande cha kuku alichokuwa ameshika. Upande wa pili, rafiki yangu alikuwa ameanza kulia, na mama yake alikuwa anamwuliza, "Nini, mama, ni tumbo?" Mama aliwatazama, akanitazama mimi, akafunga tena jani la ndizi taratibu, akalirudisha kikapuni. Alisema kuku nitamla baadaye na wenzangu. Walipoondoka alinishika mkono, lakini macho yake yalikuwa langoni.

Shule ilipofungwa mwezi wa nane nilikwenda nyumbani kwa miguu na dada yangu aliyekuja kunipokea. Njiani alinieleza mambo madogomadogo ya nyumbani, ng'ombe kuzaa, paa la jikoni kuvuja, na hakunieleza jambo moja. Jioni Mama alisonga obusuma, akatupakulia. Akakaa. Sahani ya kijani haikuwepo kwenye kichanja. Tulikula tukisikia vijiko na meno tu.

Asubuhi Baba alinikuta nakamua ng'ombe.

"Mama yako alisikia kisimani," akasema. "Kuna msichana wa ng'ambo ya mto, yuko shule yenu. Alikuja likizo fupi akawaambia wanawake. Tuliporudi kutoka siku ya wazazi ndio wakamwambia mama yako."

"Walimwambia nini?"

"Kwamba mko na redio, na yeye amewekwa ndani." Alikohoa. "Watu wanasema sasa amepona. Hata mchungaji alikuja kumshukuru Mungu. Lakini hasemangi kitu. Anapika, anaenda shamba, analala. Kwaya ameacha."

Niliendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha na bado nikawa navuta.

Siku ile nilikwenda na Mama kuvuna mahindi. Tulifanya kazi mstari mmoja, yeye akikata, mimi nikimenya. Kulipokuwa na jua la katikati ya mchana alikaa kwenye rundo la mabua, na mimi nikakaa chini mbele yake. Nikamweleza kila kitu: Mwalimu, mazoezi, rafiki yangu, kitufe chekundu, Jumamosi ya bwaloni. Sikuficha kwamba sauti iliyokuwa ndani ya kanda ni yangu, nikiigiza yake.

Alisikiliza akichambua nyuzi za hindi moja.

"Ulikuwa unanicheka?" akauliza.

"Hapana, Mama. Nilikuwa nalia."

"Mm."

Akatupa hindi kwenye gunia, akachukua jingine. Nilifikiri amemaliza. Upepo ulipita kwenye mahindi yaliyosimama na kuyaacha yakikwaruzana.

"Watu walifikiri sijui," akasema. "Baba yako pia alifikiri hivyo. Mtoto nilimwosha mimi mwenyewe, nikamvalisha. Nitakosaje kujua amekufa? Nilikuwa napendanga tu kumwita. Mchana kutwa sina mahali pa kuweka jina lake. Jioni naita mara mbili, nangoja kidogo, halafu nakula. Hiyo tu."

"Mwite, Mama. Sisi hatutasema kitu."

"Siwezi tena." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba jembe limevunjika. "Nikifungua mdomo nasikia wale wasichana wenu. Hata yeye simsikii, nasikia wao."

Nililaza kichwa kwenye magoti yake, jambo ambalo nilikuwa nimeshaacha kwa ukubwa. Aliniwekea mkono shingoni, mkono mzito wenye harufu ya mabua, akauacha hapo. Kisha akasema tuendelee kabla ya mvua.

Wiki ya mwisho ya likizo rafiki yangu alikuja kwetu na baba yake, wametoka Bukura mpaka Malinya. Baba yake alivaa tai. Aliwasalimia wazazi wangu kwa kuinama, akasema, "Mtoto wetu amewakosea, na sisi tumekuja naye aseme mwenyewe." Rafiki yangu alipiga magoti kwenye sakafu yetu ya udongo. Mama alimwinua upesi, akamketisha, akampa chai na viazi vitamu.

"Wewe ni mtoto," alimwambia. "Ulipewa kitu kikubwa, hawakukwambia kinafanya nini."

Ni hayo tu aliyosema. Waliondoka wamefungiwa mayai. Nilimsindikiza rafiki yangu hadi barabarani, na tulipeana mkono kama watu wazima. Muhula uliofuata kitanda chake kilikuwa bado kando ya changu, tuliendelea kusoma pamoja na kusaidiana hesabu, lakini tulikuwa tumejifunza kuwa waangalifu. Akitaka kuniuliza habari za kwetu, aliuliza kama mvua imenyesha. Hatukugombana hata siku moja. Tulipomaliza shule kila mmoja alishika njia yake, na nikisikia habari zake kwa watu nazipokea kwa wema.

Yale maneno bwaloni yalififia yenyewe, yakaja mengine. Tulipoingia kidato cha nne, wanafunzi wapya hawakuyajua. Redio kaseti nayo ilitolewa ofisini mwaka ule, kwa kuwa mitihani ya kusikiliza ilihitajika, ikarudi kwa Mwalimu wa Kiswahili. Siku ya kwanza aliyoileta darasani hakuanza na mafuta ya mikono wala betri. Alisimama nayo kifuani akasema kwamba kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, mtu aulizwe na akubali, akikataa, basi, na akikubali, kilichonaswa kisichezwe mahali ambapo hayupo bila yeye kujua. Akamwuliza kila msichana, "Nikunase?" na akangoja jibu la kila mmoja. Ilichukua kipindi kizima. Alipofika kwangu nilisema hapana, naye akanipita kwa heshima kwenda kwa jirani yangu.

Mama hakuja tena siku ya wazazi. Baba alikuja peke yake, akileta chakula ambacho yeye mwenyewe alikitandaza kwa mikono yake mikubwa isiyozoea, na kila mara alisema mama yako ana kazi. Nami nilisema sawa.

Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho, nilitoka langoni nikiburuta sanduku langu la bati, nikamkuta Mama ng'ambo ya barabara, nje ya ua, amesimama kwenye kivuli cha mkaratusi. Sikujua kwamba anakuja. Wazazi wengine walikuwa wameingia ndani, wanapiga picha na walimu. Nikamwambia aingie angalau asalimie, Mwalimu wangu wa Kiswahili yuko. Akatikisa kichwa. Akatengeneza kata ya leso, akainama, nikamsaidia kulipandisha sanduku kichwani. Nilimwuliza kama ni zito, akasema si zito. Tukashika barabara ya Malinya, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo na godoro. Nilimweleza njia nzima mtihani ulivyokuwa, maswali niliyoyajua na yaliyonishinda, naye aliitikia kila nilipotua, "Mm," bila kugeuka, kwa sababu ya sanduku.